Kona haifundishwi siku ya mechi

KISIWANI, chini ya Milima ya Upare wilayani Same, jioni ya kijana ni kama ilivyo kwenye vijiji vingi nchini. Mpira unapigwa mpaka giza linaingia, halafu wenye bando wanakusanyika kucheza magemu ya kikosi kama Free Fire na PUBG Mobile. Wazee wanasema huko ni kupoteza muda. Lakini ukweli usemwe: kwa upande wa mazoezi ya pamoja, vijana wanajifunza vizuri zaidi kwenye simu kuliko uwanjani.

Kikosi cha gemu kina watu wanne. Wakifutwa, wanaulizana: nani alitangulia bila kusema? Nani alikuwa anaangalia nyuma? Raundi inayofuata kila mtu ana kazi yake, na wanarudia palepale walipofia mpaka wanapaweza.

Wakubwa wa mambo hayo wako hivyohivyo. Julai 2017, kikosi cha Ulaya kinachoitwa Method kilikuwa cha kwanza duniani kumuangusha Kil'jaeden kwenye gemu la World of Warcraft, katika ngazi ngumu kuliko zote. Pale wanaingia watu 20, na kosa la mmoja linaweza kuwaua wote. Method walijaribu zaidi ya mara 600. Kila walipokufa walijua wamefia hatua gani, nani alikosea na kinachofuata ni kipi.

Mpira nao una mambo ya namna hiyo. Mtego wa kuotea ni mabeki wanne kupanda kwa pamoja. Mmoja akibaki nyuma, wote wamekwisha. Kona nayo inataka mpigaji, wa kukimbilia mlingoti wa kwanza, wa kumzuia beki na wa kusubiri mpira unaotemwa.

Sasa angalia mazoezi ya timu nyingi za mchangani. Kukimbia kidogo, kunyoosha viungo, kisha wenye jezi dhidi ya wenye vifua wazi mpaka magharibi. Kona ikitokea, wote wanaufuata mpira. Jumamosi kwenye kombe la mbuzi wanafungwa kwa kona, na kesi yote anabebeshwa kipa.

Mashabiki wa Arsenal waliojaa nchini wanajua habari hii. Mwaka 2021 klabu yao ilimchukua Nicolas Jover, kocha ambaye kazi yake ni mipira iliyokufa tu. Mabao ya kona yanayowafanya watu waruke kwenye vibanda umiza hayaji kwa bahati. Yamerudiwa mazoezini, kila mtu na njia yake.

Wapo watakaosema Arsenal wana hela. Sawa, lakini kurudia kona kunahitaji mpira mmoja, watu kumi na dakika 20. Uwanja wa kijiji hauli bando.

Tena Wapare hawahitaji kufundishwa ushirikiano na mtu wa Ulaya. Ndiva za milimani zilichimbwa kwa msaragambo, na maji yake yanagawiwa kwa zamu. Mmoja akifungulia maji nje ya zamu yake, shamba la mwenzake linakauka. Beki anayebaki nyuma ya mstari anafanya kosa lilelile.

Kwa hiyo makocha wa Kisiwani, na wenzao wilaya nzima ya Same, watenge angalau siku mbili kwa wiki za kurudia jambo moja gumu, lile lililoiangusha timu mechi iliyopita. Mmoja arekodi kwa simu hiyohiyo ya gemu, wachezaji wakae chini waangalie, kisha warudie. Chama cha soka cha wilaya nacho kiwape makocha hao mafunzo, maana wengi wanajitolea kwa mapenzi tu.

Njia ya timu ya kijiji kwenda juu inapita ligi ya wilaya, kisha ya mkoa, na huko bao moja linaweza kumaliza msimu mzima. Kwenye simu kuna kitufe cha kuanza upya, kwenye ligi hakuna. Dogo aliyeuacha mlingoti wa pili Jumamosi asitukanwe. Jumanne apelekwe palepale, zipigwe kona mpaka azoee.