Solitaire imewakosea nini?

Najua test zimetukalia vibaya na niliapa sitaandika kitu mpaka Ijumaa, ila hili limenikaa kooni wiki nzima, bora nilitoe.

Kwenye maabara yetu ya kompyuta wamebandika karatasi mlangoni. Herufi kubwa, wino mwekundu: MARUFUKU KUCHEZA GEMU, ATAKAYEKAMATWA ATANYANG'ANYWA KITAMBULISHO. Juzi dada mmoja wa mwaka wa kwanza kanyang'anywa kweli. Kosa lake? Alikuwa anapanga karata. Tano ya kopa juu ya sita ya shupaza, basi. Pembeni yake kuna jamaa alikuwa anaangalia magoli ya wikiendi YouTube, hedifoni masikioni, anacheka peke yake kama mwehu, na hakuna aliyemgusa. Manake ile si "gemu". Loh!

Hivi waliotunga hiyo sheria wanajua huo mchezo uliwekwa kwenye kompyuta kwa ajili gani?

Solitaire iliingia kwenye Windows mwaka 1990, toleo la 3.0. Wakati ule watu wa maofisini walikuwa wamezoea kuandika amri kwa kibodi, mausi ilikuwa dude geni mezani. Sasa mwite mtu mzima, mhasibu mwenye mvi zake, umwambie "bonyeza, shikilia, buruta, achia". Atakuona unamfanya mtoto. Lakini mpe karata. Ataikamata tano ya uru, ataiburuta mpaka kwenye sita ya pau, ataiachia, na akikosea itarudi yenyewe ilikotoka bila kumfokea. Kajifunza na hajui kama kafundishwa. Hayo ndiyo maelezo yaliyotolewa miaka yote kuhusu kazi ya mchezo ule. Halafu mwaka 1992 Windows 3.1 ikaja na Minesweeper, na pale huwezi kuweka bendera juu ya bomu bila kutumia kitufe cha kulia. Somo la pili hilo.

Na mnajua nani aliyeandika Solitaire ya Windows? Mtu wa field! Jina lake Wes Cherry, alikuwa intani pale Microsoft mwaka 1988, yaani kama sisi tunavyotupwa kwenye maofisi ya watu kila mwisho wa mwaka, kutumwa fotokopi na chai ya bosi. Aliiandika kwa kujifurahisha tu, na kwa mchezo uliokuja kuchezwa dunia nzima hakulipwa mrabaha hata senti moja. Alikuwa ameweka na kitufe cha kumkwepa bosi, ukikibonyeza karata zinapotea inatokea skrini inayofanana na kazi. Wakubwa wakamwambia akitoe. (Hapo ndo utajua mabosi ni walewale kila nchi.) Picha za karata zilichorwa na Susan Kare, yuleyule aliyechora alama za Macintosh ya kwanza. Kwa hiyo tunazungumzia kazi iliyofanywa na watu wenye akili timamu.

Sasa nirudi kwa yule dada. Katoka shule ambayo kompyuta ilikuwa moja, ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Simu anaijua vizuri kuliko mimi, kidole chake kinaruka kwenye kioo kama umeme. Lakini mausi hajawahi kuishika mpaka alipofika hapa. Inamkimbia, anaifuata hadi ukingoni mwa meza, inadondoka. Na kuna kozi ya lazima ya kompyuta ambayo muhula huuhuu atafanyiwa test ya Excel, aburute fomula kutoka seli moja hadi nyingine, na saa inahesabu. Mwalimu anadhania kuburuta kila mtu anajua. Desa tulilopewa lina kurasa kibao za kueleza mausi ina sehemu gani na gani. Jamani! Nani amejifunza kuendesha baiskeli kwa kusoma majina ya spoku? Saa mbili za Solitaire zingemsaidia kuliko lile desa lote, nasema bila kupepesa macho. Huyo dada alikuwa anajifundisha mwenyewe kile ambacho hakuna aliyemfundisha, tukamnyang'anya kitambulisho. Bila kitambulisho maktaba haingii, na kwenye mtihani atasimamishwa mlangoni. Hiyo ndiyo adhabu ya karata.

Najua mtakachosema. "Kompyuta chache, foleni ndefu." Sawa, hoja hiyo naikubali kabisa, mimi mwenyewe nimeshasimama pale mlangoni mpaka miguu ikaota ganzi. Basi andikeni: mtu akisubiri kwa kazi ya darasa, mwenye mambo yake anaondoka. Mambo yake yoyote, iwe magoli, iwe umbea, iwe sinema, iwe karata. Hiyo ingekuwa sheria, ningeibandika mwenyewe na gundi yangu. Ila saa tatu usiku, mashine kumi na tano tupu, feni inazunguka peke yake, unamfukuza mtu anayepanga karata kwa sababu gani hasa? Tena ile Solitaire ya kale haigusi intaneti hata kidogo. Ukiona mtandao wa chuo unatambaa kama kinyonga, huyo wa magoli ndiye muulizeni.

Tatizo la Solitaire ni kwamba inaonekana. Ule ubao wa kijani unaujua hata ukiwa umesimama mlangoni. Mwaka 2006 Meya wa New York, Michael Bloomberg, alitembelea ofisi ya jiji lake iliyoko Albany, akaona Solitaire kwenye skrini ya mfanyakazi mmoja, jamaa akafukuzwa kazi. Dunia nzima ikasoma. Hakuna aliyepima huyo mtu alifanya kazi kiasi gani siku hiyo. Aliyekaa ofisini mchana kutwa anatazama ukutani hafukuzwi, manake ukuta hauna rangi ya kijani.

Halafu hii dharau ya kusema karata za kompyuta ni za watu wasiofikiri. Kacheze FreeCell kwanza uje tuongee. Chanzo chake ni Paul Alfille, aliyeiandika mwaka 1978 kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, na Jim Horne ndiye aliyeileta Windows. Kule karata zote zimefunuliwa tangu mwanzo, hakuna bahati, ukishindwa ni kichwa chako. Ile ya Windows ya mwanzo ilikuwa na michezo 32,000 yenye namba. Mwaka 1994 jamaa mmoja, Dave Ring, akakusanya watu wa kujitolea kupitia intaneti, wakagawana namba, kila mtu na fungu lake, mpaka mwaka 1995 wakawa wamezimaliza zote isipokuwa moja: namba 11982. Hiyo imewashinda watu, ikazishinda na programu za kompyuta. Michezo ilipoongezwa ikafika milioni moja, isiyofunguka ikajulikana ni 8 tu. Kwa hiyo ukikwama kwenye FreeCell usilaumu karata. Ningependa walimu wa hesabu wangeitumia darasani, ila ndo hivyo, ni "gemu".

Haya, hao wa karatasi mlangoni nimemalizana nao. Kuna wengine wananiudhi zaidi.

Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft waliitoa Solitaire ya zamani kwenye mfumo. Ukiitaka, ukapakue mkusanyiko mpya. Mwaka 2015 Windows 10 ikaja nao tayari ndani, watu wakashangilia, kumbe mgeni kaja na mikoba yake: matangazo. Unamaliza mchezo, badala ya karata kuruka zikimwagika skrini nzima kama zamani, unaletewa video ya kitu usichokijua. Ukitaka amani, lipa. Ilipotoka bei ilikuwa dola 1.49 kwa mwezi au 9.99 kwa mwaka. Kwa karata! Karata za kawaida unanunua dukani kwa Mangi mara moja tu, unacheza mpaka zichakae, na Mangi hakufuati chumbani kukuimbia tangazo la sabuni.

Mwaka 2020, mchezo ulipotimiza miaka 30, Microsoft wenyewe walitangaza una wachezaji milioni 35 kila mwezi, na kwa siku inachezwa michezo zaidi ya milioni 100. Piga hesabu hapo. Hata kama sehemu ndogo tu ya michezo hiyo inafuatwa na tangazo, mnadhani wale jamaa wameiweka kwa huruma?

Na bando linalopakua hizo video ni la nani? Ni langu. Ni la hela ya boom, ambayo ikichelewa sote tunakunywa uji wa chumvi. Kompyuta yangu mwenyewe, mjomba kauza ng'ombe kuinunua, halafu mtu aliye Marekani anaitumia kunionyesha tangazo kwa bando langu, na mimi nashukuru eti nimepewa mchezo wa bure. Bure ya wapi? Ile ya Wes Cherry ndiyo ilikuwa bure. Kwa kweli ukizima data ile mpya inacheza, sikatai, na mafumbo ya kila siku ndiyo unayokosa. Lakini kwa nini nizime data ili nicheze kwa raha kitu ambacho miaka ya nyuma kilifanya kazi hata kwenye mashine isiyojua intaneti ni nini?

Wenye Mac msicheke. Nyinyi Solitaire hamkuwahi kupewa kabisa. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuja na kifumbo cha kusogeza vigae vya namba, na hizi za baadaye zina chesi. Chesi ni nzuri, inakupiga mpaka unajisikia mjinga, ila haipumzishi akili baada ya kozi ya takwimu.

Wanaonicheka mimi kila siku ni wale vijana wawili watatu wa Linux pale Hall, na safari hii nawapa haki yao. Kule kuna AisleRiot, mkusanyiko wa michezo zaidi ya 80 ya karata za peke yako, bure, na tangazo hakuna. Wanaotumia KDE wana KPatience, hiyo ina ujanja wa kukuambia katikati ya mchezo kama bado unaweza kushinda au unajichosha tu. (Laiti ningekuwa nayo kwenye mahusiano, teh teh teh.) Kuna PySolFC, ambayo ina michezo zaidi ya elfu moja na hata kwenye Windows inakubali. Na kwa wasiopenda karata kuna mkusanyiko wa mafumbo wa Simon Tatham, unakwenda Windows, Linux, Mac, mpaka simu za Android, programu ndogo kabisa isiyoomba namba ya simu wala kuuliza uko wapi. Mimi sasa hivi ndiyo ninayocheza nikiwa kwenye daladala, data imezimwa.

Kitu kingine, na hapa nawageukia ndugu zetu wa sayansi ya kompyuta. Hizo programu za Linux msimbo wake uko wazi. Sheria za kila mchezo ndani ya AisleRiot zimeandikwa kwenye faili lake, kwa lugha inayoitwa Scheme, unafungua unasoma. Kila mwaka nawaona na prodjekti zilezile: mfumo wa hospitali, mfumo wa maktaba, mfumo wa hosteli, vyote baba mmoja mama mmoja, vikishapata alama vinazikwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo. Zaidi ya miaka 20 imepita. Nyinyi mnashindwa nini kukaa mhula mmoja mkaandika bao la kete linalokwenda kwenye mashine ya zamani, lisiloomba bando, lenye maelezo ambayo yule dada angeyasoma bila kamusi? Mnajua kabisa wazee wa kijiweni wanavyolichangamkia bao. Sioni kwa nini intani wa mwaka 1988 aliweza na nyie mnasubiri mfadhili.

Kwa mwakilishi wetu wa kitivo: nimeandika barua, ukurasa mmoja, inaomba mambo mawili. Ile karatasi ibadilishwe iseme kuhusu foleni, na kitambulisho cha mwenzetu kirudi kabla ya UE. Ninazo sahihi 31 mpaka jana usiku. Anayetaka kutia yake anikute kwenye kimbweta cha nyuma ya kantini, jioni, nipo na kalamu.

Na Jumamosi saa nne asubuhi, palepale, vijana wa Linux wamekubali kuwawekea wenye laptop za Windows 10, manake usaidizi wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025 na mashine nyingi hapa hazina nguvu ya kubeba 11. Njoo na flashi ya GB 8 au zaidi, na uwe umeshahamisha mafaili yako mahali salama, wasije wakalaumiwa bure. Umeme ukikatika, mimi nitakuja na karata za kawaida. Kuna moja imepotea, saba ya pau, tumechora nyingine kwa boksi la dawa ya mswaki.