Paka wa Nyumbani Anapoanza Kunuka



Katika maswali yaliyotufikia wiki hii limo moja la mama ambaye hakutaka jina lake litajwe, nami nimelitanguliza mbele ya mengine kwa kuwa jambo lake halingoji. Anasema wanaye paka jike wa miaka sita, waliyemlea tangu hajafungua macho. Sasa ni wiki mbili paka huyo anatoa harufu kali mfano wa samaki aliyeoza, huacha matone ya rangi ya kahawia juu ya mito ya sebuleni, na hushinda akijiramba chini ya mkia. Mume ameshaamua kwamba atiwe guniani akatupwe soko la samaki, kwani nyumba hii husaliwa ndani yake. Mama anauliza mawili: je, paka huyu amekuwa najisi? Na je, inafaa kumtupa?

Tuanze na maradhi yenyewe, kwani hatuwezi kukihukumu kitu kabla ya kukijua.

Kila paka, dume na jike, ameumbwa na vifuko viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa njia ya haja kubwa. Ukiifananisha njia hiyo na uso wa saa ya ukutani, vifuko vipo palipo tarakimu ya 4 na ya 8. Kuta zake zina tezi zitoazo majimaji yenye harufu kali, na kwa harufu hiyo paka hutambuana. Paka mzima anapopata choo cha kawaida, choo hicho huvibinya vifuko njiani na majimaji kidogo hutoka pamoja nacho. Aghalabu mwenye nyumba hajui hata kama vipo. Paka akishtushwa pia huweza kuyamwaga ghafla, na harufu ikapotea baada ya muda. Hayo si maradhi.

Maradhi huanza pale tundu la kifuko linapoziba. Majimaji hukaa, yakawa mazito mfano wa uji ulioganda, kisha viini huingia, usaha ukajikusanya na pakawa na jipu. Lisipotibiwa, jipu hupasuka lenyewe kando ya njia ya haja, likaacha kidonda kitoacho damu na usaha. Mbwa huyapata haya zaidi kuliko paka, na ndiyo sababu wenye paka wengi hawayajui, wakadhani mnyama ameharibika tabia.

Sababu ni nyingi, lakini ya kutazamwa kwanza ni choo. Choo chepesi hakina nguvu ya kuvibinya vifuko. Na hapa lazima niseme neno juu ya jikoni zetu. Paka wa mwambao hupewa mabaki ya wali wa nazi, mchuzi wenye vitunguu na bilauri ya maziwa, kisha tunashangaa anaharisha. Paka wengi wakishakua hawayamudu maziwa, mafuta mengi huwavuruga tumbo, na vitunguu, vyekundu na vya thaumu, ni sumu kwa damu yao. Kufunga choo nako kuna madhara yake. Unene pia ni sababu, na mzio wa ngozi au wa chakula.

Dalili za mama huyu zimekamilika: harufu, matone, kujiramba. Nyingine ni kuburura makalio sakafuni, kulia akienda haja, kukataa kuguswa mkia, kunya nje ya mahali alipozoea, na uvimbe mwekundu upande mmoja. Lakini si kila ajirambaye ana tatizo la vifuko. Ukiona chini ya mkia vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, hao ni tegu, na viroboto ndio wanaowaleta. Dawa yake ni nyingine. Na paka dume akichuchumaa mara kwa mara, akijikakamua bila mkojo kutoka, huyo huenda njia yake ya mkojo imeziba. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo, kwani akicheleweshwa hufa.

Sasa yale ya kuepukwa. Wapo wanaojaribu kubinya vifuko kwa vidole wenyewe. Kwa asiyefunzwa ni hatari: kifuko chenye jipu hupasukia ndani ya nyama, na paka mwenye maumivu huuma. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali bila kungoja livimbe. Msimpake dawa za kuua viini za nyumbani, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, kwani atairamba na humdhuru. Kubwa kuliko yote, msimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa ile, damu yake ikashindwa kubeba hewa, ufizi ukageuka rangi ya udongo na uso ukavimba. Wengi wameua paka wao kwa huruma ya namna hii.

La kufanya nyumbani ni dogo. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu kiwekwe juu ya uvimbe dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, iwapo paka ameridhia. Hayo ni ya kumpunguzia maumivu tu mpaka afike kwa daktari wa mifugo. Daktari, kwa glavu na mafuta ya kulainisha, atavikamua vifuko. Ikiwa mna usaha atamlaza kwa dawa, avioshe, ampe dawa ya kuua viini na ya maumivu ifaayo paka. Jipu atalipasua na kulisafisha. Huenda akamvisha shingoni kola ya plastiki mfano wa faneli ili asijirambe; watoto watacheka, lakini isivuliwe. Maradhi yakirudi na kurudi, ipo operesheni ya kuviondoa kabisa, nayo haikimbiliwi, kwa kuwa mishipa iliyo karibu ikiguswa paka huweza kushindwa kuzuia choo.

Nakuja kwenye swali la kwanza. Paka mwenyewe si najisi, na hadithi ya Abu Qatada, radhi za Allah zimfikie, aliyemwinamishia paka chombo cha maji akanywa, ni mashuhuri. Ama majimaji na usaha utokao pale ni najisi kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kama vitu vingine vitokavyo katika njia hiyo. Mto, kanga au mswala vilivyodondokewa vioshwe mpaka dhati ya najisi iondoke. Ukishajitahidi na ikabaki rangi peke yake, au harufu peke yake, hiyo imesamehewa. Zikibaki zote mbili, rudia. Mama mwenye wasiwasi asiifue nyumba nzima: palipoguswa ndipo panapooshwa, na shaka haindoi yakini.

Na akijiramba kisha akanywa katika chombo chenu? Maulamaa wamelizungumza hili kwa paka aliyekula panya. Maadamu ametoweka machoni penu muda ambao yamkini amekunywa maji mengi mahali pengine, hatuhukumu kwamba amenajisi chombo. Mkiwa mmemwona kwa macho yenu ametoka kuramba usaha akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, maji hayo yamwagwe. Kwa siku za ugonjwa funikeni vyombo, na paka apewe bakuli lake.

Swali la pili. Mume ana haki ya kutaka nyumba safi. Lakini hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, imo katika Bukhari na Muslim. Najua atasema, "Mimi simfungii, namwachilia." Paka aliyelishwa mkononi miaka sita, mwenye jipu, akitupwa katikati ya paka wa soko, ameachiliwa kwenda wapi? Atibiwe kwanza. Akipona, nao bado hawamtaki, atafutiwe mwenye kumlea, wala hapana dhambi.

Kwa safari ya daktari liacheni gunia. Chukueni kikapu chenye kifuniko, mtandike kanga kuukuu aliyozoea kulalia, na kifuniko kifungwe kwa kamba. Daktari aambiwe harufu ilianza lini, paka anakula nini, choo chake kikoje, na lini mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo. Akirudi nyumbani apewe samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miiba, na maji safi saa zote. Akiwa hufunga choo, achanganyiwe kijiko kidogo cha boga lililochemshwa.

Wabillahi tawfiq.