Kosa la Humpy, ushindi wa Divya

Nimechoka na kauli ya "kajifunga mwenyewe." Tangu fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake la sataranji, Batumi, Georgia, Julai 2025, naisikia kila ikitajwa mechi ile: eti Divya Deshmukh hakushinda, Humpy Koneru ndiye aliyepoteza. Halafu mtu anamalizia kwa sauti ya chini, unajua tena wanawake na presha.

Hebu tutazame. Wahindi hawa wawili walitoka sare michezo miwili ya kawaida. Wakaingia kwenye michezo ya kasi: dakika 15 kila mmoja, na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Wa kwanza, sare tena. Wa pili, Humpy ana kete nyeupe na saa inamkimbiza, hatua ya 40 akasukuma askari mbele. Mlango ukafunguka. Hata baada ya hapo kazi haikuwa rahisi. Divya mwenyewe alikiri kwamba bado anahitaji kujifunza kumalizia michezo.

Sasa huyo aliyeshindwa na presha ni nani? Bingwa wa dunia wa sataranji ya kasi, 2019 na tena 2024. Alikuwa grandimasta tangu 2002, Divya hajazaliwa. Presha ndiyo kazi yake.

Na Desemba 2024, kule Singapore, Ding Liren alisogeza kete moja vibaya katika mchezo wa 14, taji la dunia likaenda kwa Gukesh. Ule ulikuwa mchezo wa saa kadhaa, siyo dakika 15. Mbona hatukuambiwa unajua tena wanaume?

Ukiwa na kompyuta pembeni inayokuonyesha kosa papo hapo, kila mtu fundi. Lakini sisi ni wasomaji wa riwaya jamani. Mhusika akiteleza ukurasa wa mwisho, tunauliza kurasa zilizotangulia zilimfanya nini, na nani alikuwa anamsukuma. Mbele ya Humpy alikaa binti wa miaka 19 aliyekataa kupoteza kwa siku tatu, akasubiri, akaona.

Aliingia Batumi bila cheo cha grandimasta, akatoka nacho pamoja na kombe. Ukiandika kuhusu mechi ile, anza na jina lake.