Zamu za Mgodi wa North Mara Zikaguliwe, Zitangazwe

Kwa zaidi ya miaka 20 Matongo na Nyamongo, kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara wilayani Tarime, zimeingia magazetini kwa habari zilezile: ardhi na fidia, maji ya mgodi yaliyoingia mto Tigithe mwaka 2009, watu waliouawa kwa risasi za polisi Mei 2011. Zote zilistahili kuandikwa na zinastahili bado. Lakini kuna mtu aliyeachwa nje ya habari hizo, naye ni yule anayepita getini kila zamu, kofia ngumu kichwani na kitambulisho shingoni. Awe mzaliwa wa kijiji cha Kewanja au mgeni kutoka Mbeya, amekosa mtetezi pande zote. Wanakijiji wanamhesabu kuwa mtu wa mgodi, na mgodi unamhesabu kuwa nguvu kazi. Anapochoka hadi kuichukia kazi aliyoililia, huambiwa avumilie, maana wako vijana wengi wanaoitaka nafasi yake.

Gazeti hili halikubaliani na jibu hilo. Uchovu wa mfanyakazi wa mgodini ni suala la sheria na usalama, na wenye dhamana ya kulisimamia ni mwajiri na Serikali.

Tuanze na usiku wenyewe. Zamu ya saa 12 imezoeleka katika migodi mikubwa duniani, na nusu ya zamu hizo huangukia gizani. Dereva wa lori la mawe katika shimo la Nyabirama, au mwenye mashine chini ya ardhi Gokona, ikifika saa 9 au saa 10 usiku mwili wake unadai kulala, apende asipende. Mikono iko kwenye usukani na macho yako wazi, ila akili huzimika kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde 4 ni zaidi ya mita 30. Barabara ya kupandia kutoka shimoni ina tuta la udongo upande mmoja, na nje ya tuta hilo ni korongo.

Migodi mikubwa humpulizisha mfanyakazi kipima ulevi kabla ya kumruhusu kuingia. Ni utaratibu mzuri na tunauunga mkono. Lakini mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 huwa na umakini sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, ni sawa na asilimia 0.10. Aliyetoka zamu ya usiku akaenda kujilaza mchana katika chumba cha kupanga chenye bati lisilo na dari, jua likiwaka na spika za baa ya jirani zikivuma, hupita getini jioni yake akiwa safi kabisa kwa kipimo cha pombe. Hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi. Na akiulizwa atadanganya, kwa sababu anajua anayesema ukweli atarudishwa nyumbani na zamu hiyo itakatwa kwenye malipo.

Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kazi (burnout), ule unaomfanya mtu aichukie kazi yake, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya. Lilisema hutokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi usiodhibitiwa, na likataja dalili zake: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na utendaji kushuka. Shirika hilo liliiweka hali hiyo upande wa kazi. Kwa hiyo meneja anayempeleka mfanyakazi aliyechoka kwenye semina ya kudhibiti msongo, kisha akamrudisha kwenye rosta ileile, hajatibu kitu.

Sheria yetu nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Siku ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini isizidi siku 5 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 10. Jumla ni saa 55. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha utafiti ulioonyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye saa 35 hadi 40. Maana yake kikomo hicho ndipo madaktari wanapoanza kuhesabu waliopooza.

Upo mlango mwingine, kifungu cha 22 cha sheria hiyo ya ajira, unaoruhusu saa kukokotolewa kwa wastani wa kipindi kizima, na huo ndio unaofaa kwa migodi inayowaweka watu kambini wiki kadhaa. Lakini mlango huo hufunguliwa na mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri peke yake, na wastani wake usizidi saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Chukua rosta iliyozoeleka katika migodi ya Afrika, siku 14 kazini na 7 nyumbani. Saa 12 mara 14 ni 168. Gawanya kwa wiki 3, unapata 56. Toa hata saa moja ya chakula kila siku, bado wastani unazidi 51. Hesabu hiyo haihitaji mwanasheria. Inahitaji mkaguzi wa kazi mwenye kalamu na mwenye uhuru wa kudai daftari la zamu.

Anayesema wafanyakazi wenyewe hawajalalamika ameisahau haraka mno historia ya mwaka 2012. Mwaka huo Bunge lilibadili sheria za hifadhi ya jamii na kufuta fao la kujitoa, ili anayetoka kazini asubiri umri wa kustaafu ndipo achukue michango yake. Kelele kali zilitoka kwa wafanyakazi wa migodini, na hoja yao ilikuwa fupi: ni nani atakayeshika mashine mgodini hadi afikishe miaka 55? Nchi nzima ikajadili mifuko, uwekezaji wa mifuko na uendelevu wa mifuko. Ushahidi wenyewe haukujadiliwa. Wanaume na wanawake walio katika umri wa nguvu zao walikuwa wanaiambia Serikali kwamba miili yao haitafika, kwa hiyo wapewe chao mapema. Hilo lilikuwa tamko la afya ya kazi, likasomwa kama tamaa ya fedha. Baadaye, kwa mabadiliko ya mwaka 2018, likaja fao la upotevu wa ajira, yaani theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Swali la mwili unaochakaa kabla ya wakati limebaki palepale hadi leo, na tunaona aibu kwamba sisi waandishi nasi hatukulishika.

Kwa nini basi leo hawasemi kwa sauti? Wanaijua gharama. Oktoba 2007 wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu waligoma wakidai malipo na mazingira bora ya kazi. Kampuni ikasema mgomo haukufuata sheria, na watu wengi wakapoteza ajira. Septemba 2017, baada ya zuio la kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, kampuni ya Acacia ilipunguza shughuli katika mgodi huohuo, na ajira zilizoguswa, pamoja na za wakandarasi, zilikadiriwa kufika 2,000. Mgodi wa Buzwagi ukafungwa mwaka 2021. North Mara yenyewe ilianza uzalishaji mwaka 2002, ikapita mikononi mwa Placer Dome, ikaingia Barrick mwaka 2006, ikawa chini ya African Barrick Gold iliyogeuka Acacia, ikarudi Barrick mwaka 2019. Mtu aliyeshuhudia mabango yakibadilishwa getini mara zote hizo, na wenzake wakirudi makwao na mabegi, hujifunza kufunga mdomo. Mashauri ya kazi yanayoutaja mgodi huu yanasomeka katika hukumu za Mahakama Kuu Musoma, lakini mengi ni ya watu waliokwisha kuachishwa. Aliye kazini bado hasemi.

Mwenye hali ngumu zaidi ni yule wa mkandarasi. Anavaa kizibao kilekile cha kung'aa na kushuka shimo lilelile, ila mkataba wake ni mfupi na humalizika kimyakimya. Vyama vya wafanyakazi vya TAMICO na NUMET vimeshindania wanachama migodini kwa miaka. Vipime nguvu zao kwa huyu, kwani mkataba wa hali bora usiomfikia ni nusu ya mkataba.

Kampuni itajibu kwamba inalipa vizuri kuliko waajiri wengi wa Mara, na kwamba usalama ni kipaumbele chake cha kwanza. La mshahara ni kweli. Lakini sheria ya saa za kazi haina bei ya kuinunulia, na mshahara mnono haumwamshi dereva saa 10 usiku. Kuhusu usalama, taarifa za kampuni hueleza aunsi zilizozalishwa na viwango vya majeraha. Ziongeze saa halisi za kila zamu, za waajiriwa na za wakandarasi, na idadi ya zamu za usiku zinazofuatana. Kisingizio cha gharama hakipo tena: Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi.

Lawama yetu kubwa hata hivyo inaelekea Dodoma. Tangu makubaliano na Barrick yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga, Serikali ina asilimia 16 ya mgodi huu pamoja na kodi na mrabaha. Imekuwa mwenye mali. Mwenye mali huyohuyo ndiye mwajiri wa mkaguzi wa kazi na msimamizi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Tunaelewa furaha ya kupokea gawio mbele ya kamera. Hatuelewi ni kwa nini gawio hilo lina sherehe na ukaguzi wa zamu hauna hata ukurasa mmoja wa kusomwa na umma. Anayekula faida ya saa hizo ana wajibu mkubwa zaidi wa kujua ni ngapi na zinamgharimu nani.

Kwa hiyo tunataka mambo haya. Wizara yenye dhamana ya kazi ipeleke wakaguzi North Mara usiku, wakiwa pamoja na OSHA, waanze na kampuni za wakandarasi. Rosta zote zipimwe kwa vifungu vya 19 hadi 24 vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na matokeo yatangazwe Tarime kwa Kiswahili. Pale ambapo wastani umevuka saa 50, rosta ibadilishwe bila kupunguza mshahara wa msingi. Mfanyakazi anayetamka kuwa hajalala apewe kazi nyingine siku hiyo bila kuadhibiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ueleze namna unavyoyapokea madai ya maradhi yatokanayo na msongo wa kazi. Na Bunge lilifungue upya suala la umri wa kustaafu kwa kazi za chini ya ardhi, safari hii likimwita mwenye mashine kabla ya mwenye mfuko.

Na wewe unayetusoma ukiwa kwenye basi la zamu, andika saa zako katika daftari lako mwenyewe, tarehe kwa tarehe. Ukiachishwa kazi unayoamini umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufikisha shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.