Kutu ya Chupani

Nimechoka na kutu ya rangi ya chungwa.

Tazama modeli za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha delta ya Rufiji, ng'ambo ya hapa Mafia, mwaka 1914. Fundi anakaa miezi akigandisha vipande vya plastiki, kisha siku ya mwisho anafungua chupa na kuimwagia meli nzima kutu, kama mtu anayetia pilipili kwenye muhogo. Wenzake wanashangilia: uhalisia huo! Uhalisia upi? Picha za wakati ule hazina rangi. Hilo chungwa limetoka dukani.

Nenda Kilindoni maji yakiwa yamekupwa, ukaangalie jahazi lililolala mchangani. Kutu inaanzia kwenye kichwa cha msumari na kuteremka na njia ya mvua, mchirizi mwembamba, mweusi juu, hudhurungi chini. Inapopita kamba, mbao imesuguliwa hadi inang'aa. Sifa imekauka viraka upande unaopigwa na jua la mchana. Deheni imebanduka pale chombo kilipokalia jiwe. Hakuna doa lisilo na kisa, na mabaharia watakusimulia vyote kama una muda. (Uwe nao. Hawafupishi.)

Sasa rudi kwenye Königsberg. Mitambo yake ilipochoka, vipande vya boila vilifunguliwa, vikaburuzwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburuzwa tena hadi Rufiji. Walioburuza ni umati wa Waafrika. Tarehe 11 Julai 1915, manowari za Kiingereza Severn na Mersey zikaimaliza, zikiongozwa na ndege iliyotoka hapa Mafia. Mizinga yake kumi ikatolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikazungushwa vitani bara. Nani aliivuta matopeni? Mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa, na watalii wanaupiga picha.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mafundi hawa. Wanajua kuonesha kazi ya chumvi na jua, lakini kazi ya watu hawaioni. Meli yao imechakaa peke yake, kama vile katika miezi yote ya Rufiji hakuna kamba iliyokaza wala bega lililochubuka. Na wasiniambie ni mchezo tu. Mtu anayebishana usiku kucha kuhusu aina ya kijivu hachezi. Anaandika historia, ila kwa brashi.

Sisemi modeli ziwe safi kama zimetoka Kiel jana. Yangu iko mezani. Jana nimeifuta kutu yote kwa spiriti, mpaka mama akauliza nani kaumia. Nimeanzia ukingo wa sitaha, mahali ninapokisia boila zilipitishwa: nimekwangua rangi kwa sindano, nikapitisha ncha ya penseli kwenye mikwaruzo ili ing'ae kama chuma. Kando yake nimesimamisha watu kumi na wawili wa nyuzi za shaba. Bado sijawapatia kamba.