Panga Nalo Huua?

Wako wanaotucheka, tangu Musoma hadi Bunda na Butiama, kwamba twaogopa bunduki kupita kiasi. Panga nalo huua, wasema. Mshale huua, hata mtumbwi ziwani huua.

Ni kweli. Rwanda, mwaka 1994, wengi waliuawa kwa mapanga na marungu. Lakini mara nyingi wenye bunduki ndio waliowazingira kwanza wasitoroke.

Mwizi wa ng'ombe aliyekuja na upinde aliogopa jambo moja: yowe. Likipigwa, kijiji kizima hutoka. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilienea mkoani Mara, na wizi wa mifugo ukabadilika sura. Risasi ikilia, jirani mwema husimama nyuma ya mlango, akiwahesabu wanawe gizani. Tumwite mwoga? Sisi hatuthubutu.

Nawe unayeficha bunduki darini, ati walinda zizi! Bunduki hiyo huazimwa, huibwa, hurudi usiku kwa jirani yako. Isalimishe Serikalini, ukiogopa kwenda peke yako, mwombe Padre akusindikize.