Mgeni Asiyeamkia

Roboti iliyofika kwa mama yangu Masanze, wilayani Kilosa, Krismasi iliyopita ilikuwa nyeupe, fupi kuliko chupa ya chai, yenye macho mawili ya taa za buluu. Mdogo wangu aliinunua Kariakoo ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya mtoto mmoja, ameketi peke yake kwenye zulia, anacheka nayo. Siku ile picha hiyo sikuitilia maanani.

Uani kwetu watoto hawahesabiki. Wapo wa nyumbani, wapo wa jirani, wapo waliotumwa chumvi wakapitia. Kijitabu cha maelezo kilisema roboti inatii amri kumi na mbili za sauti, zote za Kiingereza. Mdogo wangu akaiamuru iende mbele, ikaenda. Akaiamuru icheze, ikatikisa kiuno. Kisha akawaachia watoto. Wakapiga kelele wote kwa pamoja, kila mmoja na amri yake, Kiingereza cha shule kikigongana na Kiswahili cha uani, na ile mashine ikazunguka papo hapo kama kuku aliyechinjwa, ikasimama kimya. Mdogo kuliko wote akaisogelea, akaweka mdomo pale alipodhani ni sikio, akaiambia kwa upole, "Njoo tule." Haikuja. "Kiziwi huyu," akatangaza, akaenda zake kula.

Mama alikuwa barazani anapepeta mchele. "Mgeni gani huyo," akasema, "anapita mbele ya watu wazima hata kuamkia hajui?"

Kabla ya Mwaka Mpya betri zake zilikuwa zimeshahamia kwenye rimoti ya king'amuzi.

Sasa mdogo wangu anataka kuleta nyingine. "Kaka, hii inaongea kweli," ananiambia kwenye simu. "Unaiuliza chochote inakujibu, na jina la mtoto inalikumbuka." Ana haki ya kushangaa. Ile ya kwanza ilikuwa na amri zake zimefungwa ndani tangu kiwandani. Hii mpya tumboni mwake hamna kitu, ila kinasa sauti, spika na njia ya intaneti. Mtoto akizungumza, sauti yake husafirishwa hadi kwenye seva za kampuni ng'ambo, ikageuzwa maandishi, maandishi yakapelekwa kwa programu ya akili mnemba ya jamii ya ChatGPT, jibu likageuzwa sauti na kurudishwa. Yote hayo kwa sekunde chache, na kwa bando la mwenye nyumba. Wakubwa wa biashara hii nao wameingia: Juni 2025 kampuni ya Mattel, wenye Barbie, ilitangaza ushirikiano na OpenAI, wenye ChatGPT. Njia iliyoleta simu za Kichina hadi magulioni Kilosa ndiyo itakayoleta na hizi.

Tuzipokee? Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asinivizie. Urafiki unaouzwa ndani ya boksi lile hatuna shida nao. Majibu ambayo mashine ingeweza kuwapa watoto wetu tuna njaa nayo. Na kwa jinsi midoli hii inavyotengenezwa leo, huwezi kuyapata majibu bila kuulipia urafiki, tena kwa fedha ambayo si shilingi.

Turudi kwenye picha ya boksi. Mtoto yule ana chumba chake, ana zulia lake, na hana mwenzake. Kifaa kimebuniwa kwa ajili yake. Kinatarajia sauti moja kwa wakati mmoja, chumba kimya, mtu anayengoja zamu. Ukikipeleka kwenye kombolela, rede au chandimu kinapotea, maana hakuna hata mmoja wa michezo hiyo unaoweza kuchezwa na mtu peke yake. Labda gari la waya lenye magurudumu ya ndala, na hilo nalo mtoto hulitengeneza mbele ya wakosoaji sita.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani watengenezaji hawakulifikiria. Mtoto wa kwetu hutumwa. Hutumwa dukani, kisimani, kwa shangazi kuazima ungo. Kutumwa ni shule yake ya kwanza: akumbuke alichoagizwa, amwamkie mwenye duka, arudi na chenji kamili. Roboti ni kitu cha kwanza maishani mwake anachoweza kukituma yeye. Nilimwona mpwa wangu, mwenye miaka saba, alipogundua hilo. Uso ulimbadilika kama wa mjumbe aliyepandishwa cheo kuwa mkuu wa wilaya. Ilinichekesha, ikanitia na wasiwasi. Kitu kinachotii bila kuombwa, kisichochoka wala kununa, kinamfundisha nini kuhusu dada wa kazi atakayekuja kumwamrisha kesho? Ingawa mtu anaweza kuniambia kwamba mtoto anayeamrishwa tangu alfajiri anastahili walau kipande kimoja cha plastiki cha kukiamrisha, na kwa hoja hiyo sina jibu.

Sitaki pia kuipamba Masanze kupita kiasi. Mtoto wa Dar es Salaam anayefungiwa na televisheni kwenye fleti ya ghorofa ya tatu hadi wazazi warudi usiku, upweke wake ni wa kweli, na wazazi wake wakiniambia niache kuwahubiria kombolela nitawaelewa. Hata Masanze upweke upo. Uko kwa wazee ambao vijana wao wamehamia Morogoro mjini na Dar, wanaoshinda barazani wakisalimiana na wapita njia ili siku isogee. Kama kuna mtu kijijini anayestahili kuletewa wa kuzungumza naye, ni bibi kabla ya mjukuu. Nenda basi kamuuzie bibi huyo roboti ya Kiingereza.

Njaa ya majibu ndiyo iliyoenea. Mtoto anauliza kwa nini mto Mkondoa hufurika hadi ukabeba reli, kwa nini tembo wa Mikumi wanapenda mahindi ya watu, treni ya SGR inapitaje ndani ya mlima wa Kilosa bila kutoa moshi. Mzazi ametoka shamba amechoka. Mwalimu ana darasa limejaa. Vitabu vya hadithi na maarifa kijijini ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo mashine yenye subira, inayojibu swali lilelile mara ya kumi bila kukemea, ingekuwa na kazi ya kufanya.

Lakini ingejibu kwa lugha gani? Kiswahili kimesogea sana. Google iliruhusu kuandika kwa sauti ya Kiswahili kwenye simu mwaka 2017. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Waswahili waliojitolea kusoma sentensi ili mashine zijifunze. Na programu kubwa za akili mnemba leo zinaandika Kiswahili cha kueleweka, wakati mwingine kuliko cha baadhi ya wahariri wetu. Kusikia ndiko kugumu. Mtu mzima anayesoma sentensi kwa utulivu mbele ya kompyuta yuko mbali na mtoto wa miaka mitano mwenye pengo la meno, aliyekulia kwenye Kisagara cha bibi yake, anayepiga kelele huku jogoo akiwika. Mashine isipomwelewa yeye haitaona aibu. Atakayejirekebisha ni mtoto. Atajifunza kutamka Kiingereza cha kuifurahisha. Nimeshaona mwanzo wake pale uani.

Sauti ndani ya boksi si kitu kigeni kwetu. Thomas Edison aliuza mwanasesere mwenye kinanda cha sauti kifuani mwaka 1890, akamwondoa sokoni baada ya wiki chache tu kwa kuharibika upesi. Kizazi changu kililelewa na boksi lililofanikiwa zaidi: Redio Tanzania Dar es Salaam, kipindi cha Mama na Mwana, Deborah Mwenda akisimulia na nchi nzima ya watoto ikitulia. Redio moja iliwatosha watoto wa vitongoji viwili. Ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuijua kuwa ni sifa: ilisema, haikusikia. Ulichomwambia mwenzako wakati hadithi inaendelea kilibaki uani.

Roboti hii mpya inasikia. Wajerumani walilichukua jambo hilo kwa uzito kabla ya akili mnemba ya aina hii kufika kwenye midoli. Februari 2017 mamlaka yao ya mawasiliano ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla kwa sheria inayokataza vifaa vya siri vya kupeleleza, ikawashauri wazazi wamharibu. Kosa lake lilikuwa kwamba mtu aliye karibu angeweza kuunganisha simu yake naye bila nywila, akamsikiliza mtoto na hata kuzungumza naye. Mwezi huohuo yakafichuka ya CloudPets, wanyama wa manyoya waliobeba ujumbe wa sauti kati ya mzazi aliye mbali na mtoto wake. Wazo zuri kabisa. Baba aliye Muscat angelipenda. Ghala la kampuni lilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila, na ndani yake akaunti zaidi ya 800,000 na ujumbe wa sauti zaidi ya milioni 2. "Usiku mwema mwanangu" ya watu, imeanikwa.

Na rafiki huyu anaweza kufa kwa sababu za kibiashara. Moxie, roboti iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Embodied kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi, iliuzwa dola 799, karibu shilingi milioni 2. Kwa ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme kijijini, bei hiyo ingeziwashia taa nyumba zaidi ya 70. Desemba 2024 kampuni ikatangaza kwamba imekosa fedha na inafunga. Kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye seva, kuzimwa kwa seva kulimaanisha kuzimwa kwa Moxie, na wazazi wakaandaliwa barua ya kuwasaidia kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake ataacha kuongea. Baadaye kampuni ilitoa programu ya kuwawezesha wenye ujuzi kuiendesha roboti kwa kompyuta yao wenyewe. Wenye ujuzi. Kwetu Masanze hata fundi simu mzuri hufuatwa Kilosa mjini.

Novemba 2025 ikawa zamu ya Kumma, dubu wa kampuni ya FoloToy aliyetumia akili mnemba ya OpenAI. Shirika la Marekani la kutetea watumiaji, PIRG, lilimjaribu likakuta anaeleza visu na viberiti vinapatikana wapi nyumbani, na mazungumzo yakirefuka anaingia kwenye mambo ya ngono. OpenAI ikaikatia huduma kampuni hiyo. Kilichonikaa moyoni ni lile neno "yakirefuka". Kizuizi kilishika mwanzoni kikalegea kadiri mazungumzo yalivyoendelea, na mtoto ndiye bingwa wa kuendeleza mazungumzo.

Inauma zaidi ukikumbuka nani alifanya kazi ya kuzifunza programu hizi adabu. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliosoma na kutia alama maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Wasemaji wa Kiswahili walisafisha kinywa cha mashine, na mdoli unaotokana nayo unafika Kariakoo na kijitabu cha Kiingereza.

Kwa hiyo nimemjibu mdogo wangu alete nyingine kama ile ya kijinga. Ndiyo, ile ya amri kumi na mbili, kiziwi, isiyotoka nje ya uani, ambayo ikiharibika watoto wataifungua na kuchukua mota yake wakaifunga kwenye gari la waya. Yenye intaneti ibaki dukani mpaka ije yenye swichi ya kuzima kinasa sauti inayoonekana kwa macho, inayoeleza kwa Kiswahili sauti ya mtoto inapelekwa wapi na inafutwa lini, na inayoendelea kufanya kazi hata kampuni ikifa. Masharti hayo si ya mtu mmoja mwenye wivu na kombolela. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa nje ya nchi. Mdoli unaotuma sauti ya mtoto wa Masanze kwenye seva ya ng'ambo unagusa mambo yote mawili kwa pumzi moja.

Mzazi wa kijijini hawezi kuisimamia sheria hiyo akiwa amesimama mbele ya meza ya mchuuzi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, inaweza. Ikae na Shirika la Viwango na Mamlaka ya Mawasiliano, itoe mwongozo wa ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu midoli inayosikiliza, usambazwe shuleni na kwa waagizaji wa Kariakoo, na utoke kabla makontena ya Krismasi hayajafika bandarini.